KUMEZWA, KUPENYA NA KUPITISHWA: UHAKIKI WA KITENZI "KUINGIA" KATIKA MAELEZO YA KISWAHILI KUHUSU METALI NA SELI ZA BINADAMU KATIKA UKANDA WA DHAHABU WA GEITA NA SHINYANGA

IKISIRI

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyoeleza tukio la metali kufika ndani ya seli ya binadamu, kwa kuzingatia mazingira ya ukanda wa dhahabu wa Geita na Shinyanga. Kitenzi kinachotawala maelezo hayo ni "kuingia". Kwa kutumia Nadharia ya Sitiari Dhanifu pamoja na uchambuzi wa unyambulishaji wa vitenzi, makala yanaonesha kwamba kitenzi hicho kimoja kinafunika matukio matatu yasiyofanana: chembe kumezwa na seli, mvuke kupenya utando wa seli, na kiwanja cha metali kupitishwa na protini za seli yenyewe. Hoja kuu ni kwamba tofauti hiyo haiwahusu wanabiolojia peke yao. Kinga inayofaa kwa tukio moja haifai kwa jingine, na maelezo yasiyoyatenganisha humwacha mchenjuaji na kitambaa usoni mbele ya mvuke ambao kitambaa hakiuzuii.

1.0 Utangulizi

Dhahabu ya kusini mwa Ziwa Viktoria imejulikana kwa wachimbaji wa kigeni tangu mwaka 1898, zama za utawala wa Wajerumani. Uchimbaji mkubwa wa kikoloni ulianza Geita katika miaka ya 1930 na kukoma mwaka 1966. Kizazi kipya cha migodi mikubwa kilifuata: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, miwili hii ya mwisho ikiwa katika eneo la Kahama, mkoani Shinyanga. Kando ya migodi hiyo wapo wachimbaji wadogo, ambao historia yao haiandikwi kwa tarehe za ufunguzi. Hao huteremka katika maduara, huponda mawe kwenye makarasha, huosha mchanga katika mialo, hukamatisha dhahabu kwa zebaki, kisha huchoma mchanganyiko huo ili zebaki iondoke na dhahabu ibaki.

Neno "iondoke" linastahili kutazamwa, kwa kuwa zebaki inayoondoka katika karai hufika mahali pengine. Sehemu yake hufika katika mapafu ya anayechoma, ya mtoto aliyeketi karibu na ya mnunuzi anayeichoma tena dhahabu hiyo dukani. Utafiti wa afya uliofanywa Rwamagasa, wilayani Geita, mwaka 2003 chini ya mradi wa zebaki wa UNIDO ulionesha kwamba wachomaji ndio waliokuwa na viwango vikubwa zaidi vya zebaki miongoni mwa waliopimwa. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 iliwakuta watoto katika kazi hiyohiyo, Geita na Shinyanga zikiwamo. Tanzania ilisaini Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2013 na kuuridhia mwaka 2020.

Sambamba na hayo, maabara za dunia zimezalisha maarifa mengi kuhusu chembe-nano za metali, hususani dhahabu, na jinsi zinavyofika ndani ya seli. Maarifa hayo yanapofasiriwa kwa Kiswahili, hukutana na maelezo ya afya yaliyokwishazoeleka na kuvaa kitenzi kilekile: zebaki huingia mwilini, vumbi huingia kifuani, chembe za dhahabu huingia katika seli. Swali linaloongoza uhakiki huu ni moja: je, kitenzi hicho kinasema kweli kiasi gani, na nani hulipa gharama ya kile kisichosemwa?

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Nadharia ya Sitiari Dhanifu, iliyowekewa msingi na George Lakoff na Mark Johnson mwaka 1980, inashikilia kwamba sitiari ni njia ya kufikiri kabla ya kuwa pambo la lugha. Mtu hulielewa jambo lisiloonekana kwa kulivisha umbo la jambo linaloonekana. Katika Kiswahili, mwili huelezwa mara nyingi kama nyumba: maradhi huingia, hukaa na hutoka, mtu huingiwa na baridi au na hofu. Sitiari hiyo imehamia katika maelezo ya seli bila kuhojiwa. Seli imekuwa chumba, utando wake umekuwa ukuta, na metali imekuwa mgeni au mwizi.

Nadharia hiyo peke yake haitoshi kwa lugha ya Kibantu, kwa kuwa sehemu kubwa ya fikra hubebwa na umbo la kitenzi. Katika tungo "zebaki huingia mwilini", kiima ni zebaki na mwili umebaki kuwa kielezi cha mahali. Mahali hapatendi kitu. Tungo hiyo inamfanya msikilizaji aione metali kuwa ndiyo yenye nguvu, na mwili kuwa uwanja mtupu ambamo mambo hutokea. Unyambulishaji unatoa uwezekano mwingine: kumeza na kumezwa, kupenya na kupenyezwa, kupita na kupitishwa. Kila umbo linataja mtenda tofauti. Uhakiki huu unatumia maumbo hayo kama kipimo, na kila tukio la kibiolojia linaulizwa swali moja: ni nani anayetenda?

3.0 Utata wa Neno "Chembe"

Kabla ya kitenzi, nomino nayo ina tatizo. Kiswahili cha afya kimekuwa kikizitaja seli kwa neno "chembe" au "chembechembe": chembechembe nyeupe za damu, chembe hai, chembe za urithi. Neno hilohilo hutumika kwa punje ya mchanga, ya vumbi au ya metali. Matokeo yake ni tungo kama "chembechembe za dhahabu huingia katika chembechembe za mwili", ambamo mgeni na mwenyeji wana jina moja. Msomaji hawezi kujua kwamba cha kwanza ni kitu kisicho na uhai chenye upana wa nanomita makumi kadhaa, na cha pili ni kiumbe hai chenye upana wa maelfu ya nanomita, chenye utando, kiini na njaa yake.

Neno "seli" limekwishakubalika katika vitabu vya shule na katika kamusi za taaluma. Kwa hiyo makala haya yanatumia "seli" kwa kilicho hai na "chembe" kwa kisicho hai. Istilahi "chembe-nano" inatumika kwa chembe ambayo upana wake hauzidi takribani nanomita 100. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Utaratibu huu ni sharti la tungo kueleweka. Bila huo, hata kitenzi sahihi hakitakuwa na kiima kinachojulikana.

4.0 Kumezwa: Dhahabu Ndani ya Seli

Michael Faraday alieleza mwaka 1857 kwamba dhahabu iliyogawanywa hadi kuwa chembe ndogo mno na kutawanywa katika maji hugeuka kuwa nyekundu. Wekundu huo unajulikana hadi leo katika zahanati za Geita na Kahama bila kutajwa jina lake: katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, mstari mwekundu unaoonekana ni chembe-nano za dhahabu zilizokusanyika mahali pamoja. Dhahabu hiyo haifiki katika seli ya mgonjwa, kwa kuwa tone la damu ndilo linalotolewa na kupelekwa kwenye kipimo. Mfano huu unatosha kuonya dhidi ya dhana kwamba kila chembe-nano ni hatari kwa sababu tu ni chembe-nano.

Chembe hizo zinapowekwa pamoja na seli, jambo linalotokea haliwi "kuingia" kwa maana ya kawaida. Protini za utando huishika chembe. Utando hubonyea kuelekea ndani. Protini iitwayo klathrini hujipanga upande wa ndani kama wavu. Shimo hujifunga na kuwa kifuko kilichobeba chembe. Kifuko hicho husafiri hadi katika lisosomu, sehemu ya seli yenye asidi na vimeng'enya vya kumeng'enyea. Seli hutumia nishati yake katika kazi yote hiyo. Ikinyimwa nishati au ikipozwa sana, kazi hupungua mno. Kwa hiyo mtenda ni seli, na Kiswahili kinacho kitenzi kamili: seli humeza, chembe humezwa.

Utafiti wa Chithrani, Ghazani na Chan wa mwaka 2006 unathibitisha usahihi wa kitenzi hicho. Chembe za dhahabu za nanomita 50 zilimezwa kwa wingi kuliko za nanomita 14 na za nanomita 74. Kama chembe zingekuwa zinaingia zenyewe, iliyo ndogo zaidi ingetarajiwa kuwa na wepesi zaidi. Lakini anayemeza ndiye mwenye kuchagua tonge. Chembe ndogo mno haigusi protini za kutosha kuufanya utando ujikunje, na kubwa mno huhitaji protini nyingi kuliko zilizopo karibu. Kitenzi "kuingia" hakiwezi kuueleza ukweli huu. "Kumeza" kinaueleza bila kuongezewa neno.

Hata hivyo, fasihi hiyo ya maabara nayo inastahili kuhakikiwa. Kwanza, seli zilizotumika zilikuwa za HeLa, ukoo wa seli uliotokana na saratani ya mlango wa kizazi ya Henrietta Lacks, mwaka 1951 huko Baltimore. Ni seli zinazokua juu ya sahani, bila ute na bila vinyweleo vinavyosukuma uchafu nje kama vilivyo katika njia ya hewa ya mtu mzima. Pili, chembe zilizopimwa zilitengenezwa kwa ukubwa uliokusudiwa. Karasha haifanyi hivyo. Dhahabu inayotoka humo kwa kawaida ni punje kubwa mara nyingi zaidi. Kuihamisha tungo "dhahabu huingia katika seli" kutoka sahani ya maabara hadi mwalo wa Geita ni kuhamisha hitimisho bila masharti yake.

Tatu, chembe haifiki kwenye seli ikiwa tupu. Ikigusa damu au ute wa mwili, hufunikwa na protini kwa muda mfupi mno, na seli hukutana kwanza na kifuniko hicho. Wanasayansi wamekipa kifuniko hicho jina lenye maana ya taji. Tafsiri ya neno kwa neno, "taji la protini", haifai. Taji hukaa kichwani na huashiria heshima, ilhali protini hizo huzunguka chembe yote na kubadilisha utambulisho wake. "Vazi la protini" ni istilahi bora zaidi, na wasemaji wa Kiswahili wameandaliwa kuielewa na methali inayosema kikulacho ki nguoni mwako.

Suala la vazi linadhihirika zaidi katika fedha. Dhahabu hubaki karibu vilevile ndani ya lisosomu, kama mgeni aliyepitisha siku ya tatu bila kupewa jembe. Chembe-nano za fedha huyeyuka katika asidi hiyo na kuachia ioni zenye kuidhuru seli. Fasihi ya kisayansi hulifananisha tukio hilo na farasi wa Troya, sitiari inayomtaka msomaji ajue kwanza hekaya ya Kiyunani, na inayoweka kusudio la hila ndani ya kitu kisicho na nia. Kwa wakazi wa kandokando ya Ziwa Viktoria, chambo kinaeleza vema zaidi: samaki humeza kwa njaa yake mwenyewe, na ndoano huja pamoja na tonge.

5.0 Kupenya: Mvuke wa Zebaki

Mvuke wa zebaki hauna tabia hiyo hata moja. Unapochomwa mchanganyiko wa dhahabu na zebaki, zebaki hupaa ikiwa atomu mojamoja zisizo na chaji ya umeme. Atomu hizo huyeyuka katika mafuta ya utando wa seli na kutokea upande wa pili. Hakuna protini inayozishika, hakuna kifuko, hakuna nishati inayotumika na hakuna uchaguzi. Takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini. Kwa njia hiyohiyo mvuke huvuka kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, na huvuka kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Kitenzi kinachofaa ni "kupenya", na hapa kiima kinaweza kwa haki kuwa zebaki yenyewe.

Jambo la pili hutokea ndani. Kimeng'enya cha seli kiitwacho katalesi huigeuza atomu hiyo kuwa ioni yenye chaji. Ioni haiwezi tena kupenya utando kwa wepesi ule wa mwanzo, na hushikamana na salfa iliyomo katika protini. Kilichopenya kikiwa huru hufungwa kikiwa ndani, na mlango wa kutokea huwa umefungwa na seli yenyewe. Nusu ya zebaki ya aina hii huhitaji takribani miezi miwili kutoka mwilini. Anayechoma kila wiki huongeza mzigo mpya kabla ule wa zamani haujatoka.

Kinyume chake ni zebaki ya maji inayomezwa kwa kinywa. Tumbo na utumbo hufyonza chini ya asilimia 0.01 ya zebaki hiyo. Tofauti kati ya kiwango hicho na asilimia 80 ni kubwa mno kuweza kubebwa na kitenzi kimoja. Tungo "zebaki huingia mwilini" inalipa kioevu kinachong'aa mkononi na mvuke usioonekana hadhi sawa. Msikilizaji, kwa busara ya kawaida, huogopa zaidi kile anachokiona.

6.0 Kupitishwa: Zebaki Katika Samaki

Marudio yenye zebaki yakifika mtoni au ziwani, bakteria wa matope huweza kuigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo hukusanyika katika samaki, na zaidi katika wale wanaokula samaki wengine. Methili-zebaki ikishafika katika damu ya binadamu hushikamana na asidi amino iitwayo sisteini, na muungano huo hufanana na asidi amino nyingine, methionini, ambayo mwili huihitaji. Protini za utando zilizowekwa kusafirisha chakula hicho huipokea na kuivusha. Haimezwi katika kifuko wala haipenyi kwa nguvu zake. Hupitishwa, tena na mlinzi halali wa mlango. Umbo la kutendesha, "-pitisha", ndilo pekee linaloonesha kwamba kosa limetokea ndani ya utaratibu sahihi.

7.0 Askari Anayekufa kwa Kazi Yake: Vumbi la Silika

Silika si metali, lakini haiwezi kuachwa nje ya mjadala huu, kwa kuwa hutoka katika jiwe lilelile linalopondwa kutafuta dhahabu. Vumbi lake laini hufika mwisho wa njia za hewa, mahali ambapo seli ziitwazo makrofaji hulimeza. Vitabu vya Kiswahili vimezoea kuziita seli za kinga "askari wa mwili". Sitiari hiyo inafaa kwa bakteria, kwa sababu bakteria humezwa, humeng'enywa na kwisha. Jiwe halimeng'enywi. Silika hutoboa utando wa lisosomu, vimeng'enya humwagika ndani ya seli, seli hufa, na vumbi hubaki huru kumezwa na seli nyingine. Kila kifo huita uvimbe, na uvimbe huacha makovu. Mapafu yenye silikosisi huwa mepesi kushambuliwa na kifua kikuu.

Hapa sitiari ya askari inapinduka. Madhara hayatokani na adui aliyewashinda askari, bali na askari anayetimiza wajibu wake dhidi ya kitu kisichokuwa adui. Elimu ya afya inayomwambia mponda mawe kwamba mwili wake una askari wa kumlinda humpa matumaini pale palipo na hatari.

8.0 Kitambaa Usoni: Athari ya Kitenzi

Matokeo ya uchambuzi huu yanaonekana katika kinga. Ikiwa vumbi, mvuke na sumu ya samaki vyote "huingia", basi kuziba njia ya kuingilia kunaonekana kutosha, na kitambaa kilichofungwa puani na mdomoni ni jibu la busara. Kitambaa hicho hupunguza sehemu ya vumbi kubwa. Hakizuii vumbi laini ipasavyo, na mvuke wa zebaki hupita kati ya nyuzi zake kama hewa nyingine yoyote. Anayechoma akiwa amejifunga kitambaa hajapuuza maelezo aliyopewa. Ameyatii kama yalivyosemwa.

Vitenzi vikitenganishwa, kinga nazo hutengana. Kinachomezwa na seli, yaani vumbi, huzuiwa kisiruke: jiwe hulowanishwa kabla ya kupondwa. Kinachopenya, yaani mvuke, hufungiwa kisisambae: uchomaji hufanywa ndani ya retoti, chombo kilichofunikwa chenye bomba la kuurudisha mvuke kuwa kioevu, tena mbali na makazi, na la kufaa zaidi ni kuacha zebaki kabisa. Kinachopitishwa hudhibitiwa kwenye chanzo: marudio huwekwa mbali na maji. Hakuna kinga hata moja kati ya hizo inayoweza kukisiwa kutokana na neno "kuingia".

Pingamizi mbili zinatarajiwa. Ya kwanza ni kwamba lugha ya umma lazima iwe nyepesi, na mchimbaji hana haja na klathrini wala katalesi. Ni kweli kwamba istilahi hizo hazimhusu, vitenzi vinamhusu. Kumeza, kupenya na kupitisha ni maneno ya nyumbani, mepesi sawa na kuingia. Pingamizi ya pili ina uzito zaidi: "kumeza" kwaweza kueleweka kuwa ni kumeza kwa kinywa, na hivyo kurudisha hofu ileile ya kioevu. Hatari hiyo huepukwa kwa kutaja kiima kila mara. Seli ndiyo inayomeza, mtu huvuta. Tungo isiyotaja kiima chake katika mada hii haijakamilika, hata kama kisarufi ni sahihi.

9.0 Hitimisho

Uhakiki umebainisha kwamba kitenzi "kuingia" ni sahihi kisarufi na pungufu kimaarifa. Kinaificha seli kama mtenda pale inapomeza, kinaudogosha wepesi wa mvuke pale unapopenya, na kinafuta dhima ya protini pale zinapopitisha. Aidha, neno "chembe" likiachwa litaje kilicho hai na kisicho hai kwa pamoja, hakuna kitenzi kitakachoweza kusaidia. Imebainika pia kwamba maarifa ya maabara kuhusu chembe-nano za dhahabu hayapaswi kuhamishiwa Geita kama tahadhari juu ya dhahabu. Yanafaa kama mfano unaoonesha, kwa kulinganisha, jinsi mvuke wa zebaki usivyosubiri kumezwa.

Kiswahili hakijapungukiwa na zana za kueleza haya. Mfumo wake wa unyambulishaji unataja mtenda, mtendwa na mtendeshwa kwa silabi chache. Kilichopungua ni uangalifu wa wanaofasiri, wanaotunga istilahi na wanaoandaa matini za afya. Mama anayechoma dhahabu jikoni mwake, mkoani Geita au Shinyanga, anahitaji kitenzi kitakachomwonesha kwamba hatari iliyo kubwa zaidi haimo katika kile kinachobaki ndani ya karai, bali katika kile kinachoondoka humo.